"Kumbe hela zetu zinakula urojo": bethdei ya mume wangu Zanzibar imetuitia kikao

Habari za kazi dada mshauri. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndio mara ya kwanza, nina miaka 54 nadhani nimekuzidi kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu, na naomba jina langu na la kanisa lisitokee popote.

Mimi na mume wangu ni wamishenari. Sio wale wazungu wa kwenye vitabu, sisi ni watu wa Gongo la Mboto hapa hapa Dar, kanisa lilituwekea mikono tukatumwa vijijini huko Rufiji na sasa ni mwaka wa 12. Tunaishi kwa sadaka. Kuna watu kama 20 hivi wanatushika mkono kila mwezi, huyu elfu tano, huyu kumi, mwingine thelathini, zikija zote zinafika laki tatu na nusu lakini lini zimekuja zote. Maji ya mto yakipanda tunahama na vitanda. Likizo hatuijui, tukionekana Dar ujue ni msiba au hospitali au tumekuja kutoa ripoti ya huduma.

Mwaka huu mwezi wa saba mzee ametimiza miaka 60. Dada huyu mtu kazaliwa Dar, kakua Dar, ujana wake wote alikuwa anaziona boti zinatoka pale bandarini zinaelekea Unguja na hajawahi kupanda hata siku moja. Miaka yote ananiambia kabla sijafa nataka nikaone kanisa la Mkunazini, lile lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mi nikaweka moyoni. Nikaingia kikoba cha akina mama wa kule kijijini, miaka mitatu nanunua hisa kimya kimya, tulipovunja nikapata laki nane na arobaini elfu. Mzee nikamwambia mdogo wangu wa Mwanza ndio katutumia zawadi ya bethdei.

Kwa nini nilidanganya, kwa sababu mzee hataki hata kulisikia neno kikoba. Anasema ni riba, ameihubiri mpaka akina mama wa kikundi chetu wakimwona anakuja wanaingiza daftari chini ya kanga. Na kuna lingine linaloniumiza zaidi, hisa za mwanzo nilinunua kwa hela ya matumizi, yaani hiyo hiyo sadaka, nabana elfu mbili kwenye mafuta ya kula, nabana kwenye sukari, baadaye ndio nikaanza kuuza karanga na mayai nikawa nanunua kwa jasho langu. Sasa ukiniambia nitenganishe ile laki nane ipi ni sadaka na ipi ni karanga siwezi.

Tulienda siku tatu. Asubuhi ya kuondoka nilikuta mzee kajaza vipeperushi vya injili kwenye begi nikavitoa vyote, nikamwambia safari hii unaenda kama mume wangu. Mkunazini alisimama pale mbele kwenye ule mduara wa marumaru, kijana aliyekuwa anatutembeza akasema hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, mzee akalia dada, miaka 30 ya ndoa nimemwona analia mara mbili tu na hiyo ndio ya pili. Halafu tukaonyeshwa nguzo 12 ambazo wanasema mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu askofu Steere aliyelijenga kanisa akiwa hayupo, mzee akajifuta machozi akasema "hizo ndio ripoti zetu za huduma". Tukashuka kwenye vile vyumba vya chini, huko hakuna mtu aliyeongea.

Kesho yake tukapanda mtumbwi wa mashine kwenda kisiwa cha Changuu kwenye wale kobe wakubwa. Wameandikwa umri mgongoni kwa rangi, kuna mmoja kapita miaka 100 huko, mzee akamlisha majani akamwamkia shikamoo mzee wa kanisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jioni Forodhani tukala urojo na juisi ya miwa, mzee akanishika mkono (mbele za watu! huyu baba!) akasema aliyetuleta huku Mungu ambariki mikono yake. Kurudi upepo wa kusi ulikuwa unapiga, nilitapika njia nzima na bado nilikuwa na furaha.

Sasa kosa langu, niliweka picha 14 stetasi. Nilisahau nani yumo kwenye simu yangu. Kuna mama mmoja kanisani anauza vitumbua, ndio huyo wa elfu thelathini kila mwezi hajawahi kuruka hata mmoja, akanijibu chini ya picha ya Forodhani: "kumbe hela zetu zinakula urojo". Basi. Ikasambaa. Wawili wamesimamisha kutoa. Mzee wa kanisa mmoja kauliza kwenye grupu mlihubiria wangapi huko. Kamati ya misheni imetuita Jumapili baada ya ibada ya pili, na mzee keshawaambia kwa simu kwamba safari ni zawadi ya shemeji yake wa Mwanza. Na mjumbe mmoja wa kamati aliwahi kufanya kazi Mwanza na namba ya mdogo wangu anayo! Nashukuru Mungu mzee mwenyewe mpaka leo hajampigia kumshukuru.

Dada nifanyeje. Niseme ukweli mume wangu aabike mbele ya watu na avunjike moyo, au ninyamaze? Turudishe hela? Na je ni dhambi kwamba sijutii kwenda, najutia tu kupiga picha?

Mama wa Rufiji, Dar es Salaam

JIBU

Shikamoo mama. Kweli umenizidi, na kwa heshima hiyo nitaongea na wewe taratibu, pale nitakapoonekana naingilia sana unisamehe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikadhani ni barua ya kanisa, kamati na sadaka na maneno ya watu. Mara ya pili nikaona ni barua ya mke anayemwogopa mume wake kidogo na anayempenda sana, na kanisa limeingilia katikati. Unayo safari, hiyo huijutii. Unayo hela ambayo asili yake imechanganyika kama mchele na chuya. Na unao uongo mmoja mdogo uliokua, sasa umefika mpaka kwenye ajenda ya kikao, na wameshaingia watu wawili ambao hawakuwemo, mume wako aliyeurudia bila kujua (au akijua, nitarudi hapo) na mdogo wako ambaye huko Mwanza yupo kwenye shughuli zake hajui kama ni mfadhili.

Nianze na mama wa vitumbua maana nimeona umemwandika kama vile ndiye aliyewasha moto. Inawezekana. Ila nikuulize, umejuaje kama aliandika kwa ubaya? Kitumbua kikiuzwa mia mbili, elfu thelathini yake ni vitumbua 150 kila mwezi, huyo ni mtu anayeamka saa tisa usiku kuwasha jiko ili nyie mfike Rufiji. Na yeye pia anaishi Dar, na yeye anaziona boti. Mi nikilisoma lile neno lake nasikia utani, nasikia wivu, nasikia na uchovu, vyote kwa pamoja. Watu wa kanisani najua mtakimbilia ile habari ya Bethania, yule mwanamke aliyemwaga marhamu na Yuda akasema ingeuzwa dinari 300 wapewe maskini. Nakuomba usimfananishe. Yuda alikuwa ndiye mshika mfuko mama, huyu wa vitumbua ndiye anayeujaza.

Haina maana ana haki ya kukupangia ule nini. Hapo ndipo na kamati nayo ningependa ijiulize. Mtu akishakupa hela ya kuishi, inakuwa yako lini? Ukinunua dagaa hakuna anayeita kikao, ukinunua urojo ni kikao, na bei yake haizidi sana ya dagaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa kawaida siku 28 za likizo kwa mwaka, sijui nyie mnahesabiwa wafanyakazi au wana wa nyumbani, ila miaka 12 bila hata wiki moja ya kupumzika na hakuna kamati iliyokaa kulijadili hilo. Nadhani kuna picha ya mmishenari tuliyoirithi, kwamba mmishenari wa kweli anaonekana kwa kuchoka. Pale Mkunazini lazima waliwaonyesha ule msalaba wa mti wa Chitambo, kijiji cha Zambia alipozikwa moyo wa mmishenari Livingstone. Livingstone anasimuliwa kila mahali, mke wake Mary anasimuliwa na nani? Aliachwa Uingereza na watoto miaka kadhaa hela hakuna, baadaye akamfuata mumewe akafa kwa homa huko Zambezi mwaka 1862. Nikisoma yako ya kubana mafuta ya kula nilimkumbuka yeye, sijui kwa nini.

Lakini hayo ya likizo usiyabebe Jumapili kama rungu. Yatasikika kama kujitetea hata kama ni kweli tupu, labda yasubiri siku nyingine, au yasemwe na mtu mwingine anayewapenda.

Sasa mzee. Unasema akijua atavunjika moyo. Mama naomba nikurudishe kwenye barua yako mwenyewe. Mwanaume wa miaka 60, mtu wa kanisa, mwenye adabu zake, kapewa na shemeji zawadi ya kupelekwa Zanzibar siku tatu, na hajapiga simu hata ya dakika moja kusema asante? Wewe unamshukuru Mungu kwa hilo, mi limenishangaza. Halafu pale Forodhani hakusema Mungu ambariki shemeji yangu, alisema aliyetuleta huku Mungu ambariki mikono yake, huku ameushika wa kwako. Inawezekana nasoma sana kati ya mistari na mzee ni msahaulifu tu wa kupiga simu. Ila wewe umeishi naye miaka 30, na mtu anayemenya karanga mikono yake inajulikana. Jiulize kama kweli hajui, au naye anakutunzia siri yako kama ulivyotunza ndoto yake ya Mkunazini. Na kama anajua, basi ile simu aliyoipiga kamati ina uzito mwingine, kwamba huyo mhubiri wa riba alikubali kusema jambo asilolipenda ili akukinge. Hapo hata yeye anahitaji kutuliwa mzigo.

Ukiamua kumwambia kabla ya Jumapili, faida yake ni kwamba chochote kitakachotokea kikaoni mtakuwa wawili. Hatari ipo na siifichi. Anaweza kukasirika, na hasira ya mtu mpole ni kimya cha wiki mbili, ukizingatia sasa hivi mmefikia kwa ndugu sidhani kama mna hata chumba cha kuongelea. Msiongelee hapo. Pandeni daladala mwende hata feri mkakae muangalie boti. Hatari nyingine ndiyo naiogopa zaidi: mume wako kwa nilivyomsoma ni mtu wa kusema yote akishaanza kusema. Akisimama kwenye kamati akaeleza kikoba kizima, wale akina mama wa kijijini wanaoficha daftari chini ya kanga nao watakuwa wameanikwa, na wao hawajaenda Zanzibar. Yako unaweza kuyasema, yao sio yako. Hilo mkubaliane kabla hamjashuka kwenye daladala.

Na la riba, msikilize anachoamini na yeye asikie ulichokiona. Kwenye vikoba vingi mkopaji ni mwanachama, riba anayolipa inarudi kwenye mfuko wenu na siku ya kuvunja anagawana naye pia. Wapo watumishi wanaokubali hivyo na wapo wasiokubali kabisa, na mimi sitakaa katikati ya mchungaji na Biblia yake. Inawezekana msikubaliane mpaka mwisho. Ndoa ngapi zinaishi na jambo moja ambalo kila mtu ana upande wake.

Kunyamaza nako ni njia, usidhani nitakudharau ukiichagua. Watu wengi kamati ikishasikia zawadi ya ndugu wanameza mate wanaendelea na chai. Ila hesabu vizuri, una mjumbe mwenye namba ya Mwanza. Simu moja tu ya habari za siku nyingi, mara asante kwa kuwapeleka wazee wetu Unguja, na mdogo wako akasema Unguja ipi. Hapo haitakuwa tena habari ya urojo.

Kuna na katikati, kusema "ilikuwa akiba yangu ya miaka mitatu" ukaishia hapo. Ni kweli na inatosha kwa watu wenye nia njema. Tatizo mzee ameshasema ya shemeji, kwa hiyo ukisema hivyo bila yeye kujua unamfanya aonekane muongo mbele ya watu aliowahubiria. Ndio maana kila nikizungusha naona njia nyingi zinapita kwanza nyumbani, lakini mwenye kuzipita ni wewe.

Kurudisha hela. Moyo wako unaelekea huko kwa sababu ya zile elfu mbili mbili za mafuta. Mama, mwanamke aliyepunguza mafuta kwenye mboga aliipunguza kwenye sahani yake mwenyewe, hakuchukua kwenye sahani ya mtu. Hayo ni mawazo yangu, na kama dhamiri yako inakataa sitaishinda kwa maneno, dhamiri ina masikio yake. Kama kurudisha kutakupa usingizi, unaweza kufikiria kiasi unachohisi ni cha matumizi tu, ukakitoa kimya kimya kwenye kazi ile ile. Kurudisha yote mbele ya kamati kuna ujumbe wake, utakuwa umekubali kwamba kupumzika kwenu kulikuwa wizi, na atakayetumwa baada yenu atakuta hiyo sheria imeshaandikwa bila karatasi. Na hela yenyewe ipo wapi? Utakopa kikoba urudishe?

Umeuliza kama ni dhambi kutojutia. Swali hilo ungemuuliza yule mtu aliyemwamkia kobe. Mi ninachokiona ni kwamba unataka ruhusa ya kufurahi, na umekuwa ukiiomba kwa watu 20 kwa miaka 12 bila kufungua mdomo.

Mama wa vitumbua, najiuliza kama ungeenda kwake kabla ya Jumapili bila maelezo yoyote, ukakaa tu kwenye kigoda pembeni ya jiko. Viungo vya Zanzibar kama mlinunua usiende navyo leo, ataona unamziba mdomo, mpelekee mwezi wa kumi huko maneno yakishapoa. Anaweza kukupokea vibaya, ujiandae. Anaweza pia kukuuliza kobe wana ukubwa gani.

Moja tu ndilo sitalizungusha: mdogo wako mpigie leo. Hata kama hutasema kitu kwa mtu mwingine yeyote, huyo jina lake linakwenda kikaoni na hana habari, ana haki ya kusikia kwako kabla ya kusikia kwa mjumbe.

Stetasi zimeshafutika zenyewe, ila ile picha ya kobe ibaki kwenye simu. Na Jumapili ikipita niandikie hata mstari mmoja mama, nataka kujua mzee alisema nini ulipolitaja neno kikoba.